Haiba Inapougua

Muuguzi kwenye miteremko ya Mlima Meru anaposhona mkono wa msichana aliyejikata tena, husikia minong'ono mlangoni: "Anadeka tu." Huenda ni tatizo la haiba, yaani namna ya kujiona na kuhusiana na watu iliyokakamaa, inayomuumiza mwenyewe na walio karibu naye, na iliyodumu miaka 2 au zaidi. Hasira za siku moja hazitoshi. Wala ujana pekee.

Chanzo si kimoja. Upo urithi, na upo utoto wa kupigwa, kudhalilishwa au kutelekezwa.

Dawa hutuliza sonona au wasiwasi unaoandamana nalo. Tiba yenyewe ni mazungumzo ya miezi mingi. Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyebuni mojawapo ya tiba hizo, alieleza hadharani mwaka 2011 kwamba ujanani naye alijikata.

Kujikata si lazima kuwe kutaka kufa. Lakini kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu huhesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na hofu hiyo huwafanya wengi wafiche majeraha. Basi, muuguzi, funga mlango, uliza bila kuhukumu, kisha mwandikie rufaa kwenda Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru.