Anayekoroma Hajisikii

Mchukue baba wa miaka hamsini na kitu, mkulima wa Masanze, aliyejitupa kitandani saa nne usiku baada ya kutwa nzima shambani. Ikifika saa tano nyumba yote inamsikia. Mkoromo unapanda, unazidi kupanda, halafu kimya. Kifua kinahangaika, tumbo linapanda na kushuka, lakini puani haitoki wala kuingia pumzi. Mkewe anahesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu, mpaka ishirini. Ghafla baba anashtuka kama mtu aliyeibuka kutoka majini, anavuta hewa kwa kishindo, anageuka upande wa pili, mkoromo unaanza upya. Asubuhi mwulize. Atakwambia alilala usingizi wa pono.

Wengi wetu kukoroma tunakuhesabu kuwa uchovu tu, na mtu akikwama pumzi usiku tunasema amekabwa na jinamizi. Lakini aliyekabwa na jinamizi hujua: akili iko macho, mwili umegoma, na kukicha anasimulia. Huyu baba hana la kusimulia. Alichopata ni koo kuziba usingizini.

Tukilala, misuli ya koo hulegea. Mwenye shingo nene, ulimi mkubwa, kidevu kilichorudi nyuma au mafindofindo yaliyovimba, njia yake ya hewa ilikuwa nyembamba tangu mwanzo, na ikilegea inajifunga. Madaktari huhesabu kila pengo la pumzi la kuanzia sekunde 10. Mapengo 5 kwa saa yanatosha kuitwa ugonjwa, na yakifika 30 ni ugonjwa mkali. Hiyo ni mara moja kila dakika mbili. Kwa anayelala saa saba, koo limejifunga zaidi ya mara 200 kabla jogoo hajawika.

Kila linapofunga, moyo ndio unaolipa. Oksijeni inapungua katika damu, hewa ukaa inajaa, na ubongo unapiga mbiu ya hatari. Adrenalini inamwagwa, mishipa inakaza, presha inaruka. Wakati huohuo kifua kinavuta hewa isiyopita. Nyonya juisi kwa mrija uliobanwa uone mashavu yanavyoingia ndani. Mvuto wa namna hiyo unatokea ndani ya kifua, nao unazitanua kuta za moyo, hasa zile nyembamba za vyumba vya juu. Miaka ikipita vyumba hivyo hupanuka, mapigo yanapoteza mpangilio, damu inatuama humo na kuganda, na bonge dogo likisafiri hadi kwenye ubongo mtu anapata kiharusi.

Mtu mzima mwenye afya, presha yake hushuka usiku kwa asilimia 10 hadi 20. Ndiyo saa ya moyo kupumzika. Huyu wetu mara nyingi hapati mshuko huo, na anaamka presha ikiwa juu. Anakwenda kupimwa, anapewa dawa, haishuki. Anaongezewa ya pili, ya tatu. Hapo ndipo linapofanyika jambo linaloniuma: mgonjwa anaambiwa hamezi dawa, mkewe anaambiwa anazidisha chumvi. Huenda kweli. Lakini presha inayoishinda dawa ya tatu inadai swali jingine, nalo aulizwe mke: usiku analalaje?

Wala si mkulima peke yake. Masanze iko kati ya Kilosa na Mikumi, na Mikumi inapitiwa na barabara kuu ya kwenda Tunduma, inayokatiza hifadhi ya wanyama kwa kilomita kama 50. Malori hulala pale. Dereva wa safari ndefu anakaa siku nzima, anakula usiku, uzito unaongezeka. Kisha mchana anasinzia kwenye usukani ingawa alilala. Utingo wake ndiye anayeujua mkoromo wake. Utingo huyo angefaa kusikilizwa na daktari.

Tiba inayojulikana zaidi ilianzia Sydney, Australia, ambako mwaka 1981 daktari Colin Sullivan na wenzake walitangaza mashine inayosukuma hewa puani ili koo lisijifunge. Inasaidia: mtu anaamka mwepesi, kusinzia kunapungua, presha inashuka kidogo. Hata hivyo utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2016, wenye wagonjwa zaidi ya 2,700 katika nchi saba, haukuona mashine ikipunguza shambulio la moyo wala kiharusi kwa watu ambao tayari walikuwa na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo. Wagonjwa hao waliivaa kwa wastani wa saa tatu na kitu tu kwa usiku. Kwa hiyo dawa za presha zisiachwe, hata kwa mwenye mashine.

Na asiyeweza kuinunua hajafungiwa mlango. Kupunguza uzito kunafungua koo. Pombe ya jioni, iwe bia au gongo, inalilegeza zaidi, basi iachwe. Kulala chali kunaudondosha ulimi nyuma. Alale ubavu, na akishindwa, mkewe amshonee mpira mdogo mgongoni mwa fulana. Mtoto anayekoroma kila usiku na kulala mdomo wazi apelekwe akaangaliwe mafindofindo.

Anayelala pembeni yake amrekodi kwa simu dakika kumi, pale mkoromo unapokatika, na aandike pengo refu lilikuwa sekunde ngapi. Simu hiyo iende hospitali pamoja na mgonjwa, Kilosa au Mtakatifu Kizito pale Mikumi, na ikibidi mpaka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mke naye aingie chumba cha daktari, asibaki kwenye benchi la nje.