Kabla Hujabonyeza: Mwanafunzi wa Kakuma Aeleza Kazi Zake za Darasa la Habari za Kidijitali

Maandishi ya kipindi cha vijana na elimu. Kwa vikundi vya wasikilizaji, walimu na viongozi wa bloku. Yanaweza kusomwa kwa sauti.

(MUZIKI UNAINGIA, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: 

Leo tunazungumza juu ya simu. Ile ile simu ambayo mama anaitumia kupokea ujumbe wa mgao, na kijana anaitumia kupiga picha siku ya sikukuu. Kuna shule hapa kambini ambako wanafunzi wanafundishwa kuitumia kwa kazi: kupiga picha, kurekodi sauti, kutengeneza video fupi na kuchunguza habari kabla ya kuituma kwa wengine. Wazazi wengi wametuuliza, "Hilo ni somo au ni mchezo?" Tumemwomba mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu atujibu. Alizaliwa mashariki ya Kongo, na hapa anaishi na shangazi yake. Hatutataja jina lake wala shule yake, na sauti utakayosikia ni ya mwenzetu wa studio anayesoma maneno yake. Sababu utaielewa tukifika kazi ya tatu.

Kwanza, vifaa vinatoka wapi? Shule kadhaa katika kambi za wakimbizi zina vituo vya mpango unaoitwa Instant Network Schools. Mpango huo uliletwa na UNHCR pamoja na Vodafone Foundation. Ulianza mwaka 2013 Dadaab, kisha ukafika Kakuma na kambi za nchi nyingine, zikiwemo Tanzania na Kongo. Kituo kinakuwa na tableti, projekta, spika, intaneti na umeme wa sola. Lakini usifikiri kwamba bila kituo hakuna kitu. Kazi nyingi za mwanafunzi wetu zilifanywa kwa simu ya kawaida yenye kioo kilichopasuka, wanafunzi wanne kwa simu moja.

KAZI YA KWANZA: PICHA TATU

MTANGAZAJI: Mwalimu aliwaambia waeleze kazi ya mtu mmoja kwa picha tatu tu. Ya kwanza ipigwe kwa mbali, ionyeshe mahali. Ya pili ipigwe karibu zaidi, ionyeshe mtu na kazi yake. Ya tatu ipigwe karibu kabisa, ionyeshe kitu kidogo, kama vidole au chombo cha kazi. Mwanafunzi wetu alikwenda kwa fundi cherehani.

SAUTI YA MWANAFUNZI: Nilidhani picha nzuri ni mtu asimame wima, atazame simu, acheke. Fundi alisimama hivyo, na picha ikawa kama ya kitambulisho. Nikamwomba aendelee kushona tu. Nikakaa pale karibu saa nzima mpaka akanisahau. Hapo ndipo nikapata picha ya mkono wake ukisukuma kitambaa chini ya sindano.

MTANGAZAJI: Jua la Kakuma nalo lina sheria zake. Saa sita mchana mwanga unatoka juu kabisa, macho ya mtu yanajaa kivuli, uso unakuwa kama una mashimo. Piga asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni baada ya saa kumi. Kama ni lazima iwe mchana, mweke mtu chini ya paa, ageukie upande wa mlango ili mwanga umfikie usoni. Na ufute kioo cha kamera kwa kitambaa safi. Vumbi letu unalijua.

KAZI YA PILI: SAUTI YA BIBI

MTANGAZAJI: Hapa walitakiwa kurekodi mzee akieleza jambo moja, kwa dakika tatu. Mwanafunzi alimchagua bibi wa jirani, aliyeeleza jinsi ya kukausha mihogo.

Mtangazaji yeyote atakuambia kwamba adui wa sauti kambini ni upepo na mabati. Ndani ya nyumba ya mabati sauti inagonga na kurudi. Dawa yake ni nguo: tandika blanketi mezani, ning'iniza kanga ukutani, na sauti itatulia. Weka simu umbali wa shibiri moja kutoka kinywani, pembeni kidogo, ili pumzi isiingie kwenye maikrofoni. Kabla mtu hajaanza kusema, rekodi ukimya wa chumba kwa nusu dakika. Ukimya huo utakusaidia wakati wa kuhariri, kuziba mahali ulipokata.

Kuna faida nyingine ya sauti, nayo ni bando. Dakika moja ya sauti katika faili ya kawaida ya MP3 ni kama megabaiti 1 tu. Dakika hiyo hiyo ya video inaweza kula makumi ya megabaiti, na kwa ubora wa juu ikapita 100. Kwa hiyo kama huna fedha ya bando, anza na sauti. Kuna programu ya kuhariri sauti kwenye kompyuta inaitwa Audacity, haiuzwi, na ikishawekwa inafanya kazi bila intaneti.

SAUTI YA MWANAFUNZI: Kuhariri kulinifundisha kusikiliza. Bibi alikuwa akinyamaza katikati ya maneno, na mimi nilikata kila ukimya ili iwe fupi. Mwalimu akaniuliza, "Huyu ni bibi au ni mtangazaji wa mpira?" Nikarudisha ukimya wake.

KAZI YA TATU: VIDEO YA BOMBA LA MAJI

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Msikilizaji, hapa tukae kidogo. Kikundi cha wanafunzi wanne kilitengeneza video ya dakika mbili juu ya foleni ya maji. Walimpata mama mmoja anayejua kueleza. Alikubali, akasimama mbele ya simu, akasema yote: saa anayoamka, madumu anayobeba, ugomvi wa foleni. Ilikuwa video nzuri. Siku iliyofuata mama huyo alikuja kwa shangazi wa mwanafunzi wetu. Usiku hakulala. Nyumbani alikotoka amebaki mdogo wake, na kuna watu ambao hataki wajue yuko wapi. Akaomba video ifutwe.

SAUTI YA MWANAFUNZI: Wenzangu wawili walikasirika. Walisema, "Lakini alikubali, tuna ushahidi amekubali." Tulibishana sana. Mimi nilimfikiria shangazi. Yeye pia hapendi kupigwa picha, na sikuwahi kumwuliza kwa nini.

MTANGAZAJI: Ruhusa ya mtu ni kitu kinachoweza kurudishwa. Mtu anaweza kukubali leo, kesho akakataa, na hana deni la kukueleza sababu. Tena ruhusa yenyewe haitoshi kama hajui video itakwenda wapi. "Nikupige video?" ni swali nusu. Swali kamili ni hili: "Mama, tunatengeneza video ya shule. Wataiona wanafunzi na walimu. Inaweza kuwekwa kwenye intaneti, na ikishawekwa huko, mtu wa nchi yoyote anaweza kuiona na kuituma kwa wengine, hata sisi tukiifuta. Unakubali uso uonekane? Sauti isikike? Jina litajwe?" Hayo ni maswali matatu tofauti. Mtu anaweza kukubali moja na kukataa mawili.

Kwa mtoto, mwulize mzazi au mlezi wake kwanza. Hata sheria ya Kenya ya kulinda taarifa za watu, ya mwaka 2019, inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Lakini mtoto mwenyewe pia mwulize.

Sasa, wanafunzi hao walifanyaje? Walifuta video mbele ya mama mwenyewe. Na kumbuka, picha iliyofutwa kwenye simu nyingi haitoki mara moja. Inakaa kwenye kapu la vilivyofutwa kwa siku kadhaa, mara nyingi 30. Kwa hiyo walilifungua kapu wakafuta tena, kisha wakafuta nakala iliyokuwa kwenye simu ya mwenzao.

Baadaye walipiga video nyingine bila uso wa mtu. Walipiga mikono kwenye mfereji, miguu kwenye matope, madumu ya njano yamepangwa kwa mstari. Mwanafunzi mmoja akasoma maelezo. Waliangalia pia nyuma ya picha: namba ya bloku ukutani, kibao cha shirika, sare ya shule. Vitu hivyo vinaweza kumtaja mtu hata kama uso umefichwa. Na walizima huduma ya mahali kwenye kamera, kwa sababu ikiwa imewashwa, simu inaweza kuandika ndani ya faili ya picha mahali hasa ilipopigwa.

SAUTI YA MWANAFUNZI: Video ya pili haikuwa nzuri kama ya kwanza. Nasema kweli. Watu darasani walisema haina mtu. Lakini yule mama tunapokutana bombani ananisalimia, na ananiuliza masomo yanaendaje.

KAZI YA NNE: UJUMBE WA UONGO

MTANGAZAJI: Katika kazi ya mwisho mwalimu aliwapa ujumbe wa mfano, alioutunga yeye mwenyewe. Ulisema kwamba laini za Bamba Chakula zitafungwa Ijumaa, na kila familia itume namba ya siri haraka ili isipoteze mgao. Wanafunzi walitakiwa kuuchunguza. Haya ndiyo waliyoandika ubaoni, na wewe unaweza kuyatumia leo:

Moja. Nani amesema kwanza? Kama jibu ni "nimetumiwa tu", bado hujajua chochote.

Mbili. Unakuharakisha? Ujumbe wa uongo haupendi ufikiri. Husema "haraka", "mwisho leo", "tuma kwa watu wote".

Tatu. Unaomba nini? Namba ya siri haipewi mtu yeyote, awe ni nani. Ukiombwa namba ya siri, hapo hapo simama.

Nne. Tarehe ni ya lini, na picha ni ya wapi? Picha ya mafuriko ya mahali pengine inaweza kuletwa ikaitwa ya mto wetu Tarach. Ukiwa na intaneti, unaweza kuitafuta picha hiyo kwenye Google uone kama ilishawahi kutokea zamani.

Tano. Nani mwingine anathibitisha? Nenda kwa kiongozi wa bloku, kwenye ubao wa matangazo, au kwenye dawati la shirika lenyewe. Na kwenye WhatsApp, ukiona mishale miwili na maneno kwamba ujumbe umesambazwa mara nyingi, ujue umepita mikono mingi. Kupita mikono mingi si kuwa kweli.

SAUTI YA MWANAFUNZI: Nilimfundisha shangazi hizo hatua tano. Sasa kila nikimwambia jambo ananiuliza, "Nani amesema kwanza?" Hata nikisema sina kazi ya nyumbani.

JE, LINA FAIDA?

MTANGAZAJI: Mzazi anayeuliza kama ni mchezo ana haki ya kuuliza. Mtoto atakaa mbele ya mtihani wa KCSE, na mtihani huo hautamwuliza juu ya video ya madumu. Wala hatutakudanganya kwamba atakayejua kuhariri atapata kazi kesho. Lakini tazama alichojifunza huyu binti: kupanga maelezo yakaeleweka, kumsikiliza mzee bila kumkatiza, kuomba ruhusa kwa ukamilifu, na kutoamini kila kinachong'aa kwenye simu. Kuandika insha kunataka hayo hayo. Ushauri wake mwenyewe kwa wanafunzi ni huu: kazi ya simu iwe na saa yake, na ikiisha, simu irudi kwa mwenyewe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, kuna picha yako au ya mtoto wako iliyopigwa bila ruhusa? Ungependa uulizwe namna gani?
2. Kama ungekuwa katika kikundi cha wale wanafunzi wanne, ungesema nini yule mama alipoomba video ifutwe?
3. Ujumbe gani wa mwisho ulioutuma kwa wengine? Nani alisema kwanza?

MTANGAZAJI: Majibu yenu mpeni kiongozi wa kikundi, atatuletea studio. Ukitaka jina lako lisitajwe, mwambie, na halitatajwa. Kipindi kijacho tutazungumza na walimu juu ya wasichana wanaoacha shule kidato cha pili. Mimi ni mtangazaji wenu, nawatakia jioni njema na maji bombani. Kwaherini.

(MUZIKI UNAPANDA HADI MWISHO)