Mama Ambaye Kizazi Chake Kinashuka

Wamama hufika kwetu wakisema kwa sauti ndogo, "Kuna kitu kinateremka chini." Mara nyingi wameficha jambo hili miaka mingi, hata mume hajui. Wengine wameacha kuja kanisani kwa sababu ya harufu ya mkojo. Mama mpendwa, ugonjwa huu si laana, wala si alama ya uzinzi.

Chini ya tumbo Mungu ameweka nyama zilizotandazwa kama kitanda cha kamba, toka mfupa wa mbele mpaka mfupa wa mkia. Juu yake hulala kibofu cha mkojo, kizazi na utumbo wa choo. Kuzaa mara nyingi, uchungu wa kuzaa unaokawia, kikohozi kisichoisha, choo kigumu na mizigo mizito hulegeza kamba hizo. Ndipo kizazi hushuka.

Lakini nyama iliyolegea yaweza kupata nguvu tena. Muganga Arnold Kegel wa Marekani aliandika habari za mazoezi haya mwaka 1948. Mwaka 2014 habari za wanawake 447 wa Uingereza, New Zealand na Australia zilitangazwa: waliofundishwa mazoezi walipata nafuu kuliko wale waliopewa karatasi ya mashauri tu. Kwa hiyo usitosheke kusoma ukurasa huu. Mwombe mwuguzi wa kike akuonyeshe.

Fanya hivi. Lala chali, magoti yakiwa juu. Kaza kama mtu anayezuia mkojo na upepo pamoja, ukivuta kwenda juu ndani ya mwili. Hesabu mpaka 5, kisha legeza na kupumzika kadiri ileile. Rudia mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Baada ya majuma machache hesabu mpaka 10. Usizuie pumzi, usikaze matako. Wengi hukosea hapa: wanasukuma chini kama wanaozaa, na kumbe hiyo huongeza ugonjwa. Ukizoea, fanya ukiwa umeketi au umesimama, na ukaze kila mara kabla ya kukohoa au kuinua ndoo.

Usikate tamaa juma la pili. Kazi hii yataka miezi mitatu au minne, kila siku.

Nanyi akina baba, msicheke. Kapu la mihogo linalovuta kichwa cha mke wako kwa kamba laweza kukaa mgongoni mwako pia.

Mazoezi hufaa hasa kizazi kikiwa bado ndani, au kimefika mlangoni tu. Kikiwa kimetoka nje kabisa, hayatakirudisha. Muganga ataweka pete ya kukishikilia, au atapasua. Pale Panzi, Bukavu, hospitali iliyoanza mwaka 1999, wamama wengi wamepasuliwa kwa ugonjwa huu. Usitie dawa za majani ndani; zinachoma na kuleta vidonda. Ukiona damu, kidonda, au mkojo ukikataa kutoka, njoo hospitali siku ileile.