Sebuleni Roret, na Mzee Maruge Ukutani

Mama yetu alipofika Roret alivaa sweta mbili ndani ya buibui, akauliza kama jua la huku lina siku zake maalumu za kutoka. Kwa mtu aliyezaliwa na kulelewa Lamu, vilima hivi vya kaunti ya Kericho, vilivyotandikwa chai tangu bondeni hadi kileleni, ni ulimwengu mwingine. Sisi binti zake wawili tumekwisha kuuzoea. Mmoja wetu anafundisha, mwingine ana duka la vitambaa, na majirani zetu Wakipsigis wametupokea kwa mursik na kwa subira, wakatufundisha maneno machache ya kwao. Miongoni mwa ya kwanza ni gogo, yaani bibi. Wingi wake hatuthubutu kuuandika kwa Kiswahili, maana magogo kwetu ni kitu kingine, na mabibi hawa hawastahili kufananishwa na kuni.

Tulitaka kumtafutia mama watu wa rika lake. Ndipo tulipoamua kuonyesha filamu nyumbani, Jumamosi moja baada ya sala ya Alasiri, saa ambayo aghalabu majani ya siku yamekwisha kupimwa kituoni. Tulitundika shuka jeupe ukutani, kijana wa jirani akaazima projekta, tukakaanga mahamri na kupika chai ya tangawizi, ambayo wenyeji wetu, pamoja na kuishi ndani ya chai, waliiona kali mno. Walikuja mabibi watano, wajukuu wao, na vijana wawili watatu waliovutiwa na harufu.

Filamu yenyewe ni The First Grader, ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Mwingereza Justin Chadwick. Inasimulia habari za Kimani Ng'ang'a Maruge, mzee aliyepigania uhuru katika Mau Mau, ambaye Januari 2004, akiwa na miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret. Mwaka mmoja kabla yake serikali ya Rais Kibaki ilikuwa imetangaza elimu ya msingi bila malipo kwa wote, naye Maruge akaliamini neno "wote" kama lilivyosemwa. Mwigizaji wake ni Mkenya, Oliver Litondo. Mwalimu mkuu Jane Obinchu, aliyempokea, ameigizwa na Naomie Harris wa Uingereza.

Kwa kuwa sehemu kubwa ya mazungumzo ni ya Kiingereza, msichana wa kidato cha tatu aliwafasiria mabibi kwa Kikipsigis, na mmoja wetu akamnong'oneza mama kwa Kiswahili. Kwa hiyo kila kicheko kilikuja mara mbili, na pengine mara tatu. Mzee alipotokea na kaptura na soksi ndefu za shule, vijana walicheka mara moja, kisha kimya, kisha mabibi wakacheka kwa zamu yao, na vijana wakacheka tena kwa kuwaona mabibi wanavyocheka. Watoto wa shuleni walipomtetea mwalimu wao aliyehamishwa, wajukuu walipiga makofi hadi shuka likatikisika. Zilipofika picha za mateso ya kizuizini, bibi mmoja aliinuka akasema anakwenda kumtazama ng'ombe. Kwetu hakuna ng'ombe. Tulimwacha akae barazani mpaka picha zile zilipopita.

Ilipomalizika, kijana mmoja alikuwa akijifuta macho na kusingizia moshi wa jikoni. Tuliwageukia mabibi tukitarajia furaha kama hiyo. Hawakusema neno. Kisha yule aliyekaa karibu na mlango, gogo mwenye shamba dogo la chai nyuma ya nyumba yetu, akauliza swali moja, nasi tukafasiriwa: "Na nyumbani kwake alibaki nani?"

Tulimweleza kwamba Mzee Maruge alikuwa amefiwa na mkewe, na kwamba baadhi ya wajukuu wake walisoma shule hiyo hiyo. Akatikisa kichwa. Yeye, alisema, ana wajukuu wanne ambao mama yao yuko Nairobi. Huwaamsha, huwapikia, huwapeleka njiani, kisha huingia kwenye chai na kikapu mgongoni, akikata majani mawili na kichipukizi chake, hadi saa ya mizani. Alilea watoto saba, akadhani amemaliza. "Mnasema mzee huyu ameanza upya. Mimi nimeanzishwa upya, wala sikuulizwa."

Tulikuwa tumeichagua filamu hii kwa sababu inafurahisha, nayo kweli inafurahisha. Katika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2010 ilikaribia kabisa kuchukua tuzo inayotolewa kwa kura za watazamaji. Lakini watazamaji wa Toronto hawakuwa na wajukuu wanne wa kuwaamsha alfajiri.

Bibi mwingine, mchangamfu zaidi, alitulaumu kwa kuleta habari za mwanamume ilhali ipo filamu ya mwanamke, tena wa jamaa zao Wanandi. Ni kweli. Priscilla Sitienei wa Ndalat, mkunga kwa zaidi ya miaka 60, aliingia shule ya msingi akikaribia miaka 90, na miongoni mwa wanafunzi wenzake walikuwamo watoto aliowapokea kwa mikono yake walipozaliwa. Alitaka aweze kuyaandika aliyoyajua kuhusu dawa za miti, na alitaka wasichana walioacha shule kwa sababu ya kuzaa wamwone yeye darasani, waone haya kubaki nje. Mfaransa Pascal Plisson alimtengenezea filamu, na jina lake ni Gogo tu. Alifariki Novemba 2022, akiwa na miaka 99. Bibi wetu alikuwa amezisikia habari zake redioni, na alizisimulia kama habari za mtu wa ukoo wake.

Kijana wa projekta naye aliongeza lile ambalo filamu ya Maruge haikulionyesha. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, mzee aliporwa mali yake akaishia kwenye hema la wakimbizi, na kutoka huko aliendelea kwenda shule kwa miguu, kilomita nne. Baadaye alihamia Nairobi, akatunzwa katika makao ya wazee, akafariki Agosti 2009, kabla filamu haijaonyeshwa popote. Sebule ilinyamaza. Katika nchi hii ya vilima hakuna mtu mzima asiyekuwa na jambo lake la mwaka ule, na hakuna aliyelisema. Gogo wa karibu na mlango alisema tu, "Kwenye hema, na bado akaenda," akairudia mara mbili.

Hapo ndipo mama, ambaye tangu mwanzo hakuwa amezungumza, alipotugeukia na kusema kwa upole, "Na nyinyi huniandika sijui kusoma."

Hatukuwa na la kujibu. Ni kweli tunamwandika hivyo. Kila fomu ya hospitali, ya benki, ya kitambulisho, tumekuwa tukijaza kwa niaba yake na kumshika kidole gumba kwenye wino, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Mama yetu anasoma Kur'ani tangu akiwa mtoto wa chuoni. Zaidi ya hapo, alituambia jioni ile, baba alipokuwa akisafiri na majahazi hadi Muscat, alimwandikia barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika mama zake na bibi zake. Lamu na Pate zina wanawake walioandika hivyo tangu zamani. Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi mwaka 1858, nao tuliufundishwa shuleni, katika kitabu kilichopigwa chapa kwa herufi za kizungu, wala hatukuwahi kujiuliza aliuandika kwa herufi gani. Barua za mama zilikuwa ndani ya kasha, chini ya leso zake. Tulidhani ni karatasi za dua.

"Herufi zenu ndizo sizijui," alisema. "Nambari nazijua, kwa ajili ya simu."

Msichana wa kidato cha tatu alifasiri yote hayo bila kuombwa. Gogo akasogeza kiti chake. Akaomba aone. Mama akachukua kalamu akaandika jina lake nyuma ya bahasha, kutoka kulia kwenda kushoto, na mabibi wote watano wakainama kuitazama kalamu ikirudi nyuma, kama walivyokuwa wakimtazama mzee ukutani, ila sasa hawakuhitaji mfasiri.

Kisha gogo akafungua fundo la leso aliyojifunga kiunoni akatoa risiti ya chai, ile karatasi nyembamba inayotolewa kituoni baada ya majani kupimwa. Amekuwa akisomewa na mjukuu. Wala hamshuku mjukuu, alisema, lakini mwaka hadi mwaka, ifikapo siku ya bonasi, huambiwa kiasi naye hukubali. Akamuuliza mama, maana ndiye aliyesema anajua nambari, ni ipi kati ya alama hizi iliyo kilo. Mama akavaa miwani. Akaweka kidole juu ya kumi na saba.

Mama angali hapa, na ile tiketi ya basi tuliyomkatia ya kurudi pwani tumeiahirisha mara mbili kwa amri yake. Jumamosi iliyofuata walikuja mabibi watatu, bila kualikwa na bila kuuliza kuna filamu gani. Mmoja alikuwa na daftari alilolivika gazeti, kama watoto wanavyofanya muhula unapoanza. Tulitoa meza. Mama alianza na moja.