Mwanafunzi Anaporudishwa Nyumbani

Kenya ilipopiga marufuku kiboko shuleni mwaka 2001, walimu wakuu wa sekondari walibaki na barua ya kumsimamisha mwanafunzi masomo kama adhabu yao nzito kuliko zote za kila siku. Kusimamishwa si kufukuzwa. Jina la mwanafunzi linabaki katika rejista, ila kwa siku kadhaa haruhusiwi kupita getini.

Hatua hii ina faida ya wazi pale penye hatari. Mwaka huohuo wa 2001, bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, lilichomwa makusudi usiku, na wavulana 67 wakafa. Tangu hapo, mwalimu mkuu anayesikia fununu za petroli bwenini hawezi kungoja kamati ya nidhamu ikutane juma lijalo. Anayeshukiwa huondolewa kwanza, maswali yakafuata.

Lakini barua nyingi hazihusu petroli. Ni za simu iliyofichwa chini ya godoro, kumjibu mwalimu ovyo, kuruka ua. Hapo ndipo mantiki inapolegea: mtoro anaadhibiwa kwa kupewa utoro wenye muhuri wa shule. Anayelipa hasa ni mama yake, anayetafuta nauli ya kumrudisha na kupoteza kibarua cha siku akingoja nje ya ofisi. Kijana naye hurudi akikuta darasa limeshavuka mada mbili za kemia.

Je, asikilizwe kabla ya kuondoka? Swali hilo lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani kutoka Columbus, Ohio, ambako wanafunzi walisimamishwa wakati wa vurugu za mwaka 1971. Mmoja wao, Dwight Lopez, alisema hakuvunja kitu chochote, alikuwa amesimama tu karibu. Sheria ya jimbo ilimruhusu mkuu wa shule kumweka mtoto nje hadi siku 10 bila kumsikiliza. Mwaka 1975, kwa kura 5 dhidi ya 4, majaji waliamua kwamba hata kwa siku hizo chache mwanafunzi lazima aambiwe kosa lake na, akikana, aelezwe ushahidi uliopo na apewe nafasi ya kujieleza. Hawakudai wakili wala kikao kirefu. Mazungumzo ya dakika chache ofisini yanatosha. Wa hatari aweza kuondolewa kwanza, mradi asikilizwe mapema iwezekanavyo.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 47, inaelekea hukohuko: anayeathiriwa na uamuzi wa kiutawala ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Barua inayosema "utovu wa nidhamu" na kuishia hapo haijatoa sababu yoyote. Kwa maoni yangu, barua nzuri hutaja tendo na siku lilipotendeka, huambatishwa kazi za masomo atakazofanya akiwa nyumbani, na humtaja mwalimu atakayempokea siku ya kurudi.