ASALI NA VIJIDUDU: HUPIMWAJE?

Likizo iliyopita, nyumbani Puge, mdogo wangu alijikata mguu kwa jembe. Bibi akataka apakwe asali ya porini, mama akataka apelekwe zahanati. Nikaulizwa mimi msomi, nikakosa jibu. Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa Bayolojia, nami nawaeleza wasomaji wapendwa.

Kwanza, vijidudu vya aina moja, kama vile vya usaha, hupandwa katika kisahani juu ya agari, yaani chakula chao kilichogandishwa kwa unga utokao katika mwani. Kisha hutobolewa vitundu. Cha kwanza hutiwa asali. Cha pili, maji ya sukari mazito kama asali. Cha tatu, dawa ya hospitali. Cha nne, maji matupu. Kisahani huwekwa usiku kucha katika joto la 37 °C, sawa na la mwili wa mtu.

Asubuhi vijidudu vimeota kama utando. Dawa iliposhinda huonekana duara safi, nalo hupimwa kwa milimita.

Nilidhani kitundu cha maji hakina kazi. Kumbe ndicho shahidi: pakitokea duara hapo, jaribio limeharibika. Vivyo hivyo, gome la mti likilowekwa katika spiriti, lazima spiriti tupu nayo ipimwe, maana yenyewe huua vijidudu.

Maji ya sukari nayo yana sababu. Sukari nyingi huvuta maji na kuvidhoofisha vijidudu. Lakini asali ina ukali wa asidi pia, na ikizimuliwa huweza kutoa haidrojeni peroksaidi, ambayo huua vijidudu.

Tena, duara kubwa si lazima liwe la dawa kali. Huenda dawa hiyo hupenya agari upesi. Kwa hiyo dawa huzimuliwa nusu kwa nusu, chupa baada ya chupa, mpaka kijulikane kiasi kidogo kabisa kinachozuia vijidudu kuota.

Huko Muhimbili, Dar es Salaam, kitengo cha kuchunguza dawa za asili kilianzishwa mwaka 1974. Leo ni taasisi kamili.

Basi, nani alisema kweli? Bibi hakukosea: asali hupigana na vijidudu. Lakini kisahani si mguu wa mtoto. Asali ya mzingani haikusafishwa kama ile ya hospitali, wala haiwezi kushika nafasi ya sindano ya pepopunda. Mdogo wangu alichomwa sindano hiyo zahanati, na aliyemsindikiza ni bibi mwenyewe.

Mwanafunzi, Kidato cha IV