Hesabu ya Magunia Matupu: Msuli wa Mkimbiaji na Fedha za Saratani

Mkimbiaji wa hisani huingia katika mbio kubwa kwa ahadi ya kuchangisha fedha, si kwa kasi yake. Katika Marathoni ya Boston, inayokimbiwa tangu mwaka 1897 na iliyo kongwe kuliko marathoni zote za kila mwaka, tofauti hiyo ina uzito. Anayetaka kuingia kwa uwezo wa miguu yake lazima awe amemaliza marathoni nyingine ndani ya muda uliowekwa kwa umri na jinsia yake. Kwa kijana wa kiume muda huo haufiki saa 3. Asiyefikia kasi hiyo hupitia mlango wa pili. Waandaaji huligawia shirika la hisani nafasi kadhaa, shirika humpa mtu namba ya kifuani, naye huahidi kuleta kiasi fulani, kwa kawaida dola 5,000 au zaidi. Fedha hizo hazitoki mfukoni mwake. Hutoka kwa ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake na waumini wenzake, kidogo kidogo, kwa miezi ileile anayofanya mazoezi.

Taasisi ya Saratani ya Dana-Farber, ya hapohapo Boston, ilianzisha kikosi chake cha wakimbiaji mwaka 1990, na tangu hapo kikosi kimekusanya zaidi ya dola milioni 100. Michango hiyo hupelekwa kwenye mpango wa Claudia Adams Barr, ambao hugharimia utafiti wa msingi, yaani ule unaochunguza jinsi seli inavyofanya kazi kabla ya kuuliza ni dawa gani itakayoitibu. Uamuzi huo una ujasiri. Mchangiaji wa kawaida hupenda kuona kitanda, mashine au mgonjwa aliyepona. Hapa anaombwa agharimie swali.

Maandalizi huchukua takribani wiki 16 hadi 20, na ratiba zake hufanana dunia nzima: mbio za taratibu siku tatu au nne kwa wiki, mbio moja ndefu mwishoni mwa wiki inayorefushwa mpaka kilomita 30 au 32, kisha wiki mbili au tatu za kupunguza. Viatu, soksi na maji vimeshaandikiwa vya kutosha. Chenye utamu ni kile kinachotokea ndani ya msuli, kwa sababu ndicho kinachoeleza umbo la ratiba, na ndicho kinachomkutanisha mkimbiaji na ugonjwa anaouchangia.

Mwili hutumia takribani kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito katika kila kilomita. Mtu wa kilo 60 huhitaji kama kilokalori 2,500 ili amalize kilomita 42.195. Wanga uliohifadhiwa mwilini, glikojeni, ni kama gramu 400 kwenye misuli na gramu 80 hadi 100 kwenye ini, jumla yake ikikaribia kilokalori 2,000. Upungufu huo hujidhihirisha karibu na kilomita ya 30, miguu inapogoma bila kuumia popote. Boston ina kejeli yake: ni punde baada ya hapo, katika mji wa Newton, ndipo barabara inapopanda Heartbreak Hill, kilima kisichofika hata kilomita moja ambacho mwanzoni mwa mbio kisingemsumbua mtu. Juma Ikangaa wa Tanzania alikipita miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na miaka yote mitatu akamaliza wa pili. Mwaka wa kwanza alizidiwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja.

Mafuta hayana shida ya wingi. Mtu yuleyule akiwa na kilo 9 za mafuta ana akiba inayozidi kilokalori 70,000, za kutosha marathoni zaidi ya 20. Shida ni kasi. Mafuta ya msuli huchomwa ndani ya mitokondria, vile viungo vidogo vya seli vinavyotumia oksijeni, na msuli usiozoeshwa hauna mitokondria za kutosha kulisha mwendo wa mbio kwa saa nyingi. Mazoezi ya marathoni, yakivuliwa mapambo yote, ni kazi ya kuushawishi msuli uziongeze. Mwaka 1967 John Holloszy wa St. Louis, Marekani, alionyesha kwamba panya waliokimbizwa kwa wiki 12 walipata misuli yenye uwezo maradufu wa kutumia oksijeni. Aliyebaki hajulikani ni yule anayeuambia msuli ufanye hivyo.

Dokezo lilikuwa limeshapatikana mwaka mmoja kabla, nchini Sweden. Madaktari Jonas Bergström na Eric Hultman walijifanyia jaribio wenyewe: walipanda baiskeli moja ya maabara, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja mpaka ukaishiwa, huku mguu wake wa pili ukipumzika. Kisha wakala vyakula vya wanga kwa siku tatu, wakichukua vipande vidogo vya misuli yao kwa sindano. Mguu uliofanya kazi ulijaza glikojeni karibu maradufu ya ule uliopumzika. Damu ilikuwa moja, chakula kilikuwa kimoja, homoni zilikuwa zilezile. Basi amri haikutoka kichwani wala kwenye damu. Ilitoka ndani ya msuli wenyewe.

Seli haitumii wanga wala mafuta moja kwa moja. Hutumia ATP, molekuli ndogo yenye fosfeti tatu. Ikitoka fosfeti moja hubaki ADP, ikitoka ya pili hubaki AMP. Mwili mzima una ATP ya gramu mia na ushei tu kwa wakati mmoja, ilhali katika marathoni moja mkimbiaji hutengeneza na kutumia ATP ambayo uzito wake hukaribia uzito wa mwili wake. Kwa matumizi ya namna hiyo, seli lazima ijue kila dakika imebakiwa na nini. Njia iliyo dhahiri ingekuwa kuipima ATP yenyewe. Seli haifanyi hivyo, na hapo ndipo ulipo uhodari wake.

Lifikiriwe ghala lenye magunia 100 yaliyojaa, 10 ya nusu na moja tupu. Mtunza ghala hana mizani. Magunia yaliyojaa yakipungua kutoka 100 hadi 90, yeye huona mlundo uleule aliouona jana. Lakini ghalani yumo kibarua asiyetulia, ambaye kila akikuta magunia mawili ya nusu huyamimina pamoja: moja likajaa, la pili likabaki tupu, naye akalitupa mlangoni. Matumizi yakipanda, magunia ya nusu huwa mengi, kibarua huongeza bidii, na matupu hurundikana palepale anapopita mtunza ghala. Yaliyojaa ni ATP, ya nusu ni ADP, matupu ni AMP, na kibarua ni kimeng'enya kinachogeuza ADP mbili kuwa ATP moja na AMP moja. Kwa kanuni ya kemia inayotawala mabadiliko hayo, yaliyojaa yakipungua kwa asilimia 10 tu, matupu huzidi mara tatu. Mlundo mkubwa umepungua kwa kiasi kisichoonekana, lakini mlangoni hapapitiki. Mtunza ghala hahesabu mali. Huhesabu magunia matupu, na kwa hiyo habari za upungufu humfikia mapema, kabla hapajawa na njaa. Zaidi ya hayo, kiti chake mwenyewe kimewekwa juu ya akiba ya pili, glikojeni, ambayo sehemu moja ya umbo lake hushikamana nayo. Akiba ikiwa nyingi hutulia kitini. Ikipungua, kiti huzama naye husimama.

Maabara humwita mtunza ghala huyo AMPK, jina lililotoka kwa kundi la Grahame Hardie wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa Kiswahili anahitaji jina linalosomeka. Kihisi limeshachukuliwa na vifaa vya umeme, na tena kihisi hakina mamlaka ya kuamuru. Kipimanishati linapotosha, kwa kuwa kinachopimwa si nishati iliyopo bali kukosekana kwake. Kipimaukata ndilo linalofaa: ukata ni kuishiwa huku mahitaji yakiendelea kudai, na ndiyo hali ya msuli kwenye kilomita ya 30.

Kipimaukata kikiamka hutoa amri za aina mbili. Aina ya kwanza hufungua njia za kuingiza. Milango ya glukosi husogezwa kwenye utando wa seli hata bila insulini. Kizuizi cha mafuta kuingia mitokondria hulegezwa. Na huamshwa protini iitwayo PGC-1α, ambayo huziwasha jeni za kutengeneza mitokondria mpya. Protini hiyo ilitambuliwa mwaka 1998 katika maabara ya Bruce Spiegelman, na maabara hiyo imo ndani ya Dana-Farber. Watafiti wake hawakuwa na habari na marathoni. Walikuwa wakichunguza mafuta ya kahawia, yale yanayoupa mwili joto.

Agizo la mitokondria halidumu. Baada ya mbio ndefu ujumbe wa PGC-1α hupanda kwa saa kadhaa, kisha hushuka, na protini za mitokondria zenyewe huchakaa kadiri siku zinavyopita. Kila mbio huacha nyongeza ndogo ambayo uchakavu utaila isipofuatiwa na nyingine. Ndiyo maana wiki 16 hazifupishwi kuwa sita kwa kukaza zaidi, na ndiyo maana mbio ndefu ya Jumapili haina mbadala: ni siku ambayo ghala huteremka kuliko siku nyingine zote za wiki, na mtunza ghala husimama kwa muda mrefu zaidi. Katika wiki za mwisho mkimbiaji hupunguza kilomita, na siku mbili tatu kabla ya mbio hula wali, ugali, viazi au tambi kwa wingi. Kila gramu ya glikojeni huhifadhiwa pamoja na maji ya gramu tatu hivi, hivyo wengi hupanda kilo moja au zaidi na kuogopa bure.

Aina ya pili ya amri husimamisha ujenzi. Ghala likiwa na ukata, mafundi hulala: utengenezaji wa protini mpya hupunguzwa na kugawanyika kwa seli huahirishwa, hasa kwa kumnyamazisha msimamizi wa ujenzi aitwaye mTOR. Saratani inaingia hapa, kwa sababu saratani ni ujenzi usiokubali kusimama.

Amri za mtunza ghala hazina nguvu kamili mpaka zipigwe muhuri na ofisa mwingine, kimeng'enya LKB1. Kwamba ndiye mwenye muhuri kulijulikana mwaka 2003, na habari hiyo ilizikutanisha idara mbili za sayansi zilizokuwa hazisalimiani. Waliosomea misuli na kisukari walikuwa wakimtafuta kwa miaka. Waliosomea saratani walikuwa naye tayari: tangu 1998 jeni yake ilijulikana kuwa ndiyo yenye kasoro katika ugonjwa wa Peutz-Jeghers, ambao hurithiwa, hutia madoa meusi midomoni na vinundu kwenye utumbo, na huwaweka wenye nao katika hatari kubwa ya saratani. Jeni hiyohiyo hukutwa imeharibika katika sehemu isiyo ndogo ya saratani za mapafu. Mwaka 2007 kundi la Kwok-Kin Wong, wakati huo wa Dana-Farber, lilionyesha kwa panya kwamba uvimbe wa mapafu uliopoteza LKB1 hukua upesi na kusambaa zaidi. Muhuri umepotea, mtunza ghala anaona magunia matupu, anapiga kelele, na mafundi wanaendelea kujenga.

Hivyo kimeng'enya kinachoamka katika paja la mkimbiaji pale Newton kimo katika safu ileile ya amri ambayo saratani nyingi huikata, na baadhi ya ushahidi wa jambo hilo ulipatikana katika taasisi ambayo mkimbiaji huyo anaichangia. Panya si binadamu, bila shaka, na baadhi ya uvimbe hukitumia kipimaukata kujiokoa unapokosa lishe.

Kuhusu binadamu, ushahidi mzito wa faida ya mazoezi dhidi ya saratani ulitolewa Juni 2025. Jaribio la CHALLENGE, lililoongozwa kutoka Canada na Australia, liliwafuatilia wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana waliokwisha kufanyiwa upasuaji na kumaliza kemotherapia. Nusu walipewa kijitabu cha ushauri wa afya. Nusu nyingine waliwekwa kwenye mpango wa mazoezi yenye msimamizi kwa miaka 3. Baada ya miaka 8, waliokuwa hai katika kundi la mazoezi walikuwa asilimia 90.3, na katika kundi la kijitabu asilimia 83.2. Jaribio lilichukua zaidi ya miaka 10 na halikuwa na dawa ya kuuza, kwa hiyo sehemu ya gharama zake ilibebwa na mashirika yanayoishi kwa michango ya watu, likiwemo Canadian Cancer Society. Hakuna mgonjwa aliyetakiwa kukimbia marathoni. Kutembea kwa haraka kwa dakika 45 hivi, mara tatu au nne kwa wiki, kulitosha kutimiza kiwango cha nyongeza kilichowekwa.